Viwavi wa Njiwa na Sauti ya Fisi

Hapo kale, mwaka ambao jua lilikausha hata matope ya Kiboko, miti yote ilipukutika. Mforosadi mmoja tu ulibaki na majani, kwenye chemchemi ya Simba.

Simba akanguruma, "Nataka kilemba cha hariri! Atakayeniletea viwavi wa kunitolea nyuzi atachuma majani yangu, tena nitampa paja la nyati."

Njiwa alikuwa akilea viwavi wa hariri ndani ya ungo. Kila walipokula aliwaimbia taratibu, "Kuu, kuu." Sasa majani ya mforosadi, chakula chao pekee, yalikuwa yamekwisha, na viwavi walikuwa karibu kufa kwa njaa. Aliposikia habari ile akaenda kwa Kware kuazima kanga ya kufunikia ungo, asije akawapitisha juani. Huku nyuma Fisi akaunyakua ungo, mbio mpaka kwa Simba.

"Ni wangu, Mfalme," alisema, mate yakimdondoka. "Nimewalea tangu mayai. Paja liko wapi?"

Njiwa akafika akihema. "Mwongo! Hao ni wanangu!"

"Wanao? Mbona hawana manyoya?" Fisi akacheka. "Nenda ukatage, mama!"

Simba akakuna sharubu, maana hakupenda kuonekana hajui. Ndipo Sungura akasema, "Shikamoo, Mfalme. Walezi wa viwavi huwaimbia. Wape majani, kisha hawa wawili waimbe. Tuone wanamjua nani."

Majani yalipotiwa kwenye ungo, Sungura akamnong'oneza Fisi, "Kaka, mwenzio ana kisauti cha mbu. Wewe una koo pana. Ukiimba kwa nguvu, huenda ukapata na paja la pili."

Fisi alisikia neno paja tu. Akapanua kinywa, "Uuuu-wiii!" Ungo ukatetemeka. Viwavi wakaacha kula, wakainua vichwa, wakakakamaa kama vijiti.

"Mnaona?" Fisi akajigamba. "Wamesimama kwa heshima!"

"Wameganda kwa hofu," Simba akasema. "Haya, Njiwa."

"Kuu, kuu," Njiwa akaimba. Vichwa vikashuka kimoja kimoja. Mara ikasikika sauti ya kutafuna, kama manyunyu juu ya makuti.

Simba, ambaye hakuwahi kunong'ona maishani mwake, akanong'ona asije akawashtua: "Fisi, toka."

Fisi akatoka na njaa yake, wanyama wakiziba vinywa wasicheke kwa sauti. Njiwa akachuma majani mpaka ungo ukafurika. Paja Simba alilila mwenyewe, kwa kuwa Njiwa hali nyama.

Njia ya mwongo ni fupi.