Muhogo wa Mwisho wa Pelele

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko na majirani, njaa iliingia msituni ikakataa kutoka. Mashambani ulibaki muhogo mchungu tu, ule wenye sumu.

Tembo, mkulima mkuu, ndiye aliyejua kuuandaa. Mbiu ikalia, puu, puu, na maneno yake yakatangazwa: "Menyeni, lowekeni, anikeni, twangeni, songeni ugali."

Digidigi alifuata neno kwa neno. Kesho yake akazika watoto wake.

Jirani yake, Pelele, yule mnyama mdogo wa miambani, alirudi kutoka matangani akamkuta binti yake Kidawa analia njaa. Ndani mlikuwa na muhogo mmoja tu. Pelele aliutazama kama mtu anavyomtazama nyoka. Lowekeni. Mpaka lini?

Akaenda barazani kwa Simba. "Mfalme, mbiu irudiwe, lakini maneno niyapange mimi."

Tembo, aliyeketi hapo, akacheka, kwe kwe kwe. "Wewe, kifurushi cha manyoya? Umewahi kulima muhogo?"

"Sijawahi, Mzee."

"Kuupika je?"

"Sijawahi."

"Sasa umefanya kazi gani?"

"Nimelea watoto wa watu. Ukimwambia mtoto jambo, anauliza, 'Kisha?' Usipomjibu, anajiunguza."

Simba akapiga miayo. "Tembo anajua. Mbiu ibaki ilivyo."

Ng'ambo ya mto vilio vingine vilikuwa vimeanza. Pelele akasema kwa upole, "Basi waheshimiwa, kesho mchana karibuni chakula kwangu."

Wakubwa hawakatai chakula, sembuse wakati wa njaa.

Pelele akaumenya ule muhogo wake wa mwisho. Akauchovya majini, chubwi, akautoa. Akauanika juani kwa muda wa kupiga chafya. Akatwanga, twa, twa, akasonga.

Wageni wakaketi. Simba akamega tonge. Tembo akanusa, na mara mkonga ukaruka, paa! Tonge likaanguka.

"Umeuloweka muda gani?"

"Nimechovya nikatoa, Mzee."

"Unataka kutuua? Unalowekwa siku kadhaa, mpaka ulainike."

"Hukusema."

"Kila mtu anajua hilo."

"Digidigi hakujua."

Simba akafuta ukucha wake kwenye nyasi, akaufuta tena. "Mwambie yote," akanguruma.

"Ukishalainika, unamwaga maji," Tembo akasema kwa sauti ndogo.

"Kisha?"

"Unauosha kwa maji mengine."

"Kisha?"

Pelele aliuliza hivyo mpaka mkonga wa Tembo ukalala chini.

Mbiu mpya ikalia, ndefu kuliko ya kwanza.

"Mama, sasa tunakula?" Kidawa akauliza.

Pelele alibeba chungu cha ule ugali wenye sumu, akachimba shimo, akaufukia. Mbele yake mlango wa Digidigi ulikuwa wazi. Mbiu ilisikika vizuri sana pale. Hakutoka mtu kuisikiliza.

Nami nafunika chungu changu hapa, wanangu: ajuaye sana husahau kutojua, basi kazi ya kueleza mpeni aliyezoea kuulizwa, "Kisha?"