Siku Mbwa Alipobaki Nyumbani

Sogeeni mbele kidogo, na hao walioko barazani waingie, mvua haimngoji mtu. Najua mna haraka. Mbegu ziko kwenye ndoo nyumbani, ardhi imelowa, na kila mmoja hapa anawaza shamba lake. Basi nami nitazungumza habari za shamba. Sitawachelewesha, na atakayesinzia nitamtaja kwa jina.

Kindi mnamjua. Wengine mnamwita kuchakuro. Mtu wa mjini akimwona atasema, "Maskini, kanyama kazuri, kana mkia!" Aje hapa msimu wa kupanda! Unafukia mahindi asubuhi, jioni unakuta vishimo, kimoja baada ya kingine, ameufuata mstari wako mpaka mwisho. Ile kamba uliyoivuta ili mistari inyooke, kumbe ulimvutia yeye.

Kulikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Sitawapa majina, maana nikiwapa mtaanza kutazamana. Ni mfano tu. Baba yao aliwaachia shamba moja ambalo hawakuligawa, na bunduki moja ndogo. Siyo bunduki ya nyati, hapana. Ni ile ya mtutu mwembamba, na risasi yake ukiiweka kiganjani utadhani kipande cha msumari. Majirani walikuwa wakiicheka, wanaiita bunduki ya panya. Kibali kilikuwa kwa jina la mkubwa, kwa hiyo mkubwa ndiye aliyelenga.

Na mdogo je? Hapo ndipo palipo na kazi, sikilizeni. Kindi akikuona hakimbii mbali. Anazunguka shina. Wewe uko huku, yeye yuko kule. Ukienda kule, yeye amerudi huku. Utauzunguka mti mpaka kizunguzungu kikushike. Kwa hiyo kindi anawindwa na watu wawili. Mmoja anabaki na bunduki, katulia kimya. Mwingine anakwenda upande wa pili, anatikisa kichaka, kindi anashtuka, anakuja upande wenye bunduki. Sasa niambieni, huyu wa upande wa pili yuko wapi? Si yuko mbele ya mtutu! Kati yake na risasi kuna shina la mti na kanyama kasikozidi kiatu cha mtoto.

Baba yao aliliona hilo, akawafundisha kanuni tangu wangali wadogo. Anayezunguka akishatikisa kichaka, anachuchumaa chini kabisa nyuma ya kisiki, kisha anapaza sauti: "Nimekaa!" Mwenye bunduki anajibu: "Nimesikia!" Ndipo anafyatua. Maneno mawili tu. Miaka thelathini waliwinda hivyo, na hakuna aliyechubuka hata ukucha.

Kisha ikaja posa. Binti wa yule mkubwa aliposwa. Wazee wakaitwa, wali ukapikwa, wageni wakapokelewa, posa ikakubaliwa. Nani hakuitwa? Baba mdogo! Habari alizipata mnadani, ameinama anachagua jembe, na aliyempa hongera alidhani anajua. Nawauliza nyie wenye kaka zenu: linauma au haliumi? Linauma, tena sana. Na mkubwa hakufanya kusudi. Katika pilikapilika zile kila mtu alidhani mwenzake amekwenda kumwita. Alisahau, basi. Lakini kusema "mdogo wangu, nilisahau, niwie radhi", lo! Maneno hayo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mdogo akanuna. Mkubwa akaona, "Ananinunia mimi, kaka yake?" Naye akanuna zaidi. Wakahamana, hawasemezani. Miezi minne! Hata mlangoni mwa msikiti wakikutana, kila mmoja anatoa salamu ya jumla huku anatazama pembeni, ili waitikie wengine na isijulikane nani kamsalimia nani. Mnaijua salamu hiyo. Msicheke, mnaijua.

Lakini shamba ni moja na kindi ni walewale, ilibidi waende pamoja. Walikuwa na mbwa. Wa kuwindia, msinikunjie nyuso, hukumu yake mnaijua, huyo ameruhusiwa. Basi mbwa yule akafanywa mjumbe. Mdogo anamwambia mbwa, "Wewe mbwa, mwambie mwenye bunduki kindi kapanda mkuyu." Mkubwa naye anamjibu mbwa, "Mwambie huyo azungukie kwa juu." Watu wazima, na ndevu zao! Hata kanuni ya baba waliishika hivyohivyo. "Mbwa, nimekaa!" "Mbwa, mwambie nimesikia!" Na mbwa wa watu anageuza kichwa huku na kule, hajui aende wapi. Wapita njia walikuwa wanashika mbavu. Mimi nasema mbwa yule aliwashinda wote wawili akili, maana yeye angalau alikuwa anawasikiliza wote.

Yule binti akamwendea baba yake. Akamwambia, "Baba, mwite baba mdogo. Neno moja tu, yataisha."

"Mimi ndiye mkubwa. Aje yeye."

"Na asipokuja?"

"Asije!"

Ikafika asubuhi moja, mahindi yana siku tatu ardhini. Mbwa yule alikuwa jike, na alfajiri hiyo alikuwa amezaa. Kalala chini ya ghala na watoto wake, ukimwita hata sikio hainui. Basi ndugu wakaenda shambani wao wawili tu, mmoja mbele, mwingine nyuma, kimya kama wanakwenda kuchimba kaburi. Wakamkuta kindi kwenye mkuyu ulioko mpakani mwa shamba. Mkubwa akapiga goti, akashika bunduki yake. Mdogo akazunguka.

Kule nyuma kulikuwa na kisiki ambacho mdogo alizoea kukaa nyuma yake. Mvua ilikuwa imetoa siafu. Kisiki kizima cheusi, kinatembea. Mdogo akaanza kutafuta pengine pa kujificha, yuko wima, anakung'uta miguu, na katika kukung'uta akakitikisa kichaka. Alipaswa kusema nini? "Ngoja!" Neno moja. Lakini amwambie nani, na mbwa hayupo? Nadhani alijisemea moyoni: hawezi kupiga kabla hajasikia "nimekaa", ndiyo kanuni ya baba.

Na huku mkubwa ameona kichaka kimetikisika. Anasubiri sauti. Kimya. Akajisemea: huyo kanuna tu, amekwisha kukaa, miaka thelathini anakaa palepale. Alipaswa kuuliza nini? "Umekaa?" Neno moja. Mwenyewe alisema baadaye kwamba lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza. Nianze mimi? Mimi mkubwa?

Kindi akatokea ubavuni mwa shina. Mkubwa akafyatua.

Bunduki ile hailii sana. Inalia ta!, kama tawi kavu limevunjika. Kindi akaruka, akapotea juu kwenye majani. Amemkosa. Siku nyingine watampata.

Sasa desturi yao ilikuwa kwamba mdogo ndiye anayekuja chini ya mti kuangalia kama kindi ameanguka. Mkubwa akasubiri. Mdogo hatokei. Mnajua mkubwa alisema nini? "Mtazameni na kiburi chake! Hata kuja kuangalia hataki." Akaketi. Akatoa ugoro wake, akanusa. Akajiapiza kwamba leo hainuki yeye kwanza. Ndugu zangu, alikaa pale muda wa sufuria ya chai kuchemka, na upande wa pili wa mti, hatua ishirini, mdogo wake anavuja damu. Ile risasi iliyochekwa ilimpata hapa, kooni, penye sauti. Hata kama sasa alitaka kuita, hakuwa na kitu cha kuitia.

Mkubwa alipoinuka, aliinuka kwa hasira, anakwenda kugomba. Akamkuta amelala ubavu, macho yanaona bado, na siafu wameshafika miguuni. Hapo ndipo aliposema! "Mdogo wangu! Nilisahau! Wallahi nilisahau, sikukusudia kukuacha! Niwie radhi! Nijibu, nijibu hata kwa tusi!" Ya miezi minne yote aliyamwaga pale kwa pumzi moja. Midomo ya mdogo ikatikisika. Hakikutoka kitu. Mkubwa akamshika hivyohivyo mpaka akawa mzito mikononi. Hakujua kama alikuwa anamsamehe au anamlaani, na hatajua mpaka siku ya kiama.

Wenye serikali walikuja, wakaandika, wakaichukua bunduki, wakasema ni ajali. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa. Na desturi yetu mnaijua: jeneza likiwa mbele, kabla ya sala, imamu huwageukia watu akauliza, "Yeyote aliyekosewa na ndugu yetu huyu, je, mmemsamehe?" Watu wakaitikia, "Tumemsamehe!" Sauti iliyozipita zote ilitoka safu ya mbele, ya yule mkubwa. Wenzake walishanyamaza, yeye bado anapiga kelele, "Nimemsamehe! Nimemsamehe!" mpaka sauti ikamkauka na watu wakamshika.

Sasa nawauliza. Kumbe neno hilo alikuwa nalo? Miezi minne lilikuwa wapi? Alikuwa nalo siku zote, akaja kulitoa kwa mtu aliyekwisha kuzibwa masikio kwa pamba.

Nami nakasirika, niacheni nikasirike, kwa sababu huyo ni sisi. Dini yetu imetupa siku tatu za kununa, na hizo ni huruma tu kwa udhaifu wetu. Sisi tumezifanya misimu. Ukimuuliza mtu atakwambia, "Sina ugomvi naye, Ustadhi, ila hatusemezani tu." Tu! Ndiyo bunduki ya panya hiyo. Na kila mmoja ana mbwa wake. Mwingine humtumia mkewe: "Mwambie shemeji yako." Mwingine anaandika mafumbo kwenye kundi la ukoo la simu, watu arobaini wasome ili mmoja aumie. Maisha yanakwenda, mnaona mambo si mabaya sana. Je, siku mjumbe akikosekana? Siku kuna la haraka, la "ngoja!", la "usipite hapo!", nani atalisema? Mkubwa anamngoja mdogo, mdogo anamngoja mkubwa, na mauti haimuulizi mtu alizaliwa wa ngapi.

Naona shingo zinageuka, mnatafutana nani nimemlenga. Geukeni huku, msihangaike.

Mzee Mhando, muadhini wetu, yule pale safu ya pili karibu na dirisha, anajifanya anahesabu tasbihi. Tangu mwezi wa Rajabu mimi na yeye hatusemezani. Kisa kipaza sauti. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anakifungulia mno na kutuumiza masikio, mtu ambaye ametuadhinia tangu mimi sijui kuandika jina langu. Nilimwaibisha. Mwenye kosa ni mimi, na nililijua siku ileile kabla sijafika nyumbani. Basi tunasemezana kwa kukohoa. Wakati wa kukimu sala ukifika, ananikoholea. Nikitaka asubiri kidogo, nakohoa na mimi. Nyie mkadhani tuna mafua! Na wiki iliyopita alianguka uani kwake, akalala siku nne, nikaambiwa. Mnajua nilifanya nini? Nilikaa nyumbani, nikasema akipona tutaonana msikitini. Niliketi nikanusa ugoro wangu, na yeye yuko nyuma ya mti.

Na huyu ninayesema ndiye anayewaswalisha. Nami leo sitaki jeneza lije kunifundisha kusema.

Mzee Mhando, baba yangu, naanza mimi. Assalamu alaykum.

Nyie wengine msiitikie. Hii si ya jumla.