Jina la Utba Chini ya Maandishi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi fundi wa khati aitwaye Utba bin Rafii. Maandishi mazuri yaliyopamba milango ya misikiti ya mji ule yalikuwa kazi ya mkono wake. Mafundi wa huko walikuwa na ada waliyoishika kama amana: aliyeandika hutia jina lake chini, na jina hilo ni ushahidi wake mbele ya Mungu kwamba alichoandika ni kweli. Maandishi yasiyo na jina yalihesabiwa uongo, na wapita njia hawakujisumbua nayo.

Ikawa Amiri wa mji amejijengea bustani, na ili bwawa lake lijae akaufunga mfereji uliopeleka maji mtaa wa wafumaji. Kina mama wakawa wanatembea nusu siku kwa ajili ya mtungi mmoja. Kisha Amiri akapiga marufuku: asiseme mtu, asiimbe mtu, asiandike mtu habari za mfereji. Mshairi mmoja alijaribu, akachapwa viboko sokoni mbele ya wanawe. Tangu hapo makhatibu wetu watukufu wakawa wanahutubia adabu za kula tu, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Utba yalimfika shingoni. Siku moja, wakati wa kailula, watu wamejilaza kwa joto, alichukua wino na kalamu pana, akaenda kwenye birika la wafumaji, lililokauka tangu mfereji ufungwe, na kuandika ukutani: “Hapa hapana maji. Amiri ameyapeleka bustanini kwake.” Alipofika mahali pa kutia jina, akaishusha kalamu. Alivikumbuka viboko vya sokoni. Akakusanya vyombo vyake akarudi nyumbani upesi, jina hakutia.

Watu waliyasoma, wakatafuta jina, wasilione. Wakatikisa vichwa wakaenda zao. Lakini askari hawana habari na ada za mafundi. Waliita wajuzi wa khati kuutambua mkono ule, nao wakasema ni wa Hazim. Huyu Hazim alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, aliyesoma kwa Utba miaka ishirini, na herufi zake hazikutofautiana na za mwalimu wake hata kidogo. Akatiwa gerezani, na Amiri akaapa kwamba Ijumaa baada ya sala atakatwa mkono wa kuume.

Hazim alijua vyema ni nani aliyeandika, wala hakufungua kinywa. Utba alipopata habari hizo, hakutia chakula kinywani siku tatu.

“Abu Salma, unaumwa nini?” akauliza mkewe, Bibi Rayta, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Niliandika kweli, kisha kwa woga nikaiacha ihesabiwe uongo. Sasa Hazim anakatwa mkono kwa kosa langu.”

Bibi Rayta alilia, kwani mkono ule ndio uliowalisha. Halafu akajifuta machozi, akaenda ndani, akarudi na kidau cha wino. “Tia udhu kwanza,” akamwambia, “ndipo uende.”

Asubuhi ya Ijumaa, mtaa umejaa watu, Utba alisimama mbele ya ukuta ule na kuandika chini yake: “Ameyaandika Utba bin Rafii.” Wafumaji wakaacha vitanda vyao vya kufumia wakaja kutazama. Naye akashusha pumzi ndefu, mzigo umemtoka kifuani, na njaa ya siku tatu ikamshika papo hapo. Akamwomba mfumaji mmoja mkate. Askari walipofika walimkuta angali akitafuna.

“Kwa nini umejitia mwenyewe kitanzini?” Amiri akamuuliza barazani.

“Allah amwongoze Amiri. Hazim hana kosa. Mwandishi ni mimi, na mkono ni huu hapa.”

“Andika basi kwamba mimi ni mwadilifu, utie jina, uende zako na mkono wako.”

“Jina langu ni ushahidi, ewe Amiri. Sitashuhudia nisichokiona.”

Amiri akawageukia washauri wake. “Nyinyi mliniambia wafumaji wana visima vyao, wala hawana shida. Haya, kila mmoja apewe kalamu, aandike hayo na kutia jina lake chini.”

Mmoja akasema macho yake hayaoni vizuri. Mwingine vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Waziri akakumbuka ghafla kwamba hajatia udhu wa Ijumaa. Amiri akazitazama kalamu zilizolala bila mwenye kuzigusa, na haya ikamwingia usoni.

“Mfungueni Hazim, na Utba mwacheni aende,” akasema. “Na mfereji ufunguliwe sasa hivi.”

Alhamdulillahi, kabla ya alasiri maji yaliingia birikani. Wafumaji walicheka na kulia, Hazim na mwalimu wake wakakumbatiana wasitake kuachana. Kisha Utba akachovya kitambaa majini, akaanza kuyafuta maandishi yake. Watu wakapiga kelele: “Yaache, Sheikh! Yawe kumbukumbu!”

“Nitayaachaje?” akasema. “Yanasema hapana maji, na maji haya hapa. Jina langu haliwezi kukaa chini ya uongo.” Akafuta mpaka ukuta ukawa mweupe.

Habari zilimfikia Amiri, akatuma mtu kumuuliza: “Na nikiufunga tena?”

“Mwambie wino ninao,” akajibu Utba.

Wanasema Amiri alicheka sana, na mfereji ule haukufungwa tena maisha yake yote.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaomba ujasiri wa kumwambia mkubwa kosa lake. Tuombe na huu wa pili wa Utba, wa kulifuta kwa mkono wetu siku anapojirekebisha, kwani mimi nauona mgumu kuliko ule wa kwanza. Mola atujaalie yote mawili.