Daftari la Fundi Mwakalinga

"Fundi akiondoka, daftari ndilo fundi." Mmeisikia leo kwa nesi, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Nitawaeleza, ingawa inaniumbua, maana ilianza siku moja nikiwa mwenyekiti wa kijiji, na njaa inaniuma.

Zahanati yetu ilikuwa imefungiwa umeme wa jua. Mgeni rasmi ameketi, utepe umefungwa, pilau inanukia. Fundi Mwakalinga, aliyefunga mitambo, akakataa kuikabidhi. Alichora kwanza kila waya ulikopita, akaandika vipimo vya siku ile, akabandika namba kwenye kila swichi. Halafu akaketi, mikono mapajani, akamtaka nesi Tusekile azime kila kitu na kuwasha upya kwa kusoma daftari tu. Nesi alikosea mara mbili. Mara zote mbili Mwakalinga alilisahihisha daftari, si nesi.

"Fundi, chakula kinapoa," nikamwambia.

"Pilau hupashwa moto, Mwenyekiti. Mimi kesho sipo."

Nikamwona mtu wa maringo. Tukala saa kumi.

Baada ya miaka miwili Mwakalinga akafariki, Mungu amrehemu. Mwaka huohuo, siku moja kabla ya kliniki, Tusekile akanipigia simu: friji ya chanjo imezimika. Chanjo za watoto wa vijiji vinne zilikuwa zimefika nyuzijoto saba, na zikipita nane ni za kutupwa. Surua ilikuwa imeshatuzikisha watoto huko nyuma. Niliogopa, sifichi.

"Sasa tumwite nani?"

"Simwiti mtu, baba. Nasoma."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari: mchana wa jua, kipimo cha paneli kikisoma sifuri, tazama swichi namba nne, nyuma ya tangi la maji. Tukazunguka. Ukutani hapakuonekana swichi, ila rangi mpya, niliyoagiza mimi wiki ile ili zahanati ipendeze.

Tusekile akatazama mchoro, akapima shubiri tatu kutoka dirishani, akakwangua kwa kisu. Kifuniko kikafunguka. Yule aliyepaka rangi alikuwa ameizima swichi, kisha akapaka juu yake. Nesi akaiwasha, na ndani friji ikaanza kunguruma.

Kesho yake kina mama walipanga foleni hadi barabarani. Nilimwomba marehemu msamaha kimoyomoyo. Tusekile, kalamu mkononi, alikuwa akiongeza mstari: "Swichi namba nne isipakwe rangi." Akanitazama.

"Fundi akiondoka, baba, daftari ndilo fundi."