Trekta la Urbanus

Wahenga waliosema "usitukane wakunga na uzazi ungalipo" hawakuwahi kuliona trekta, wala pikapu, wala barabara ya Sanya Juu wakati wa masika. Hata hivyo walimjua binadamu. Humdharau mwenzake leo kwa kuwa leo hana shida naye, kana kwamba shida huleta barua kabla ya kuja. Basi maana ya methali hii ni kwamba usimtweze mtu ambaye huenda kesho ukamhitaji. Mimi sina la kuongeza hapo. Nitawapeni habari za Ebenezeri, nanyi mtapima wenyewe.

Ebenezeri alikuwa na pikapu ya Peugeot, na katika mwaka ule wa 1975 mtu mwenye pikapu kule Sanya Juu hakuwa mtu wa kuchezewa. Alibeba abiria na kabichi hadi Bomang'ombe, penye lami na mabasi ya Moshi na Arusha, akajigamba kwamba njia yote ile ya udongo aliimaliza kwa nusu saa. Alikuwa mchapakazi, simnyimi haki yake. Alimpenda mama yake, Bibi Ester, na alimpenda kama roho yake binti yake wa pekee, Eunike, aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia kitu chochote kilichokwenda polepole mbele yake. Watu waliosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi aliwapigia honi mpaka wakaingia majanini, kisha akacheka peke yake.

Lakini aliyemkera kupita wote alikuwa Urbanus, dereva wa trekta la shamba la Serikali. Urbanus alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwenyeji wa Songea, aliyekuja Kilimanjaro kutafuta kazi pamoja na mkewe Zita, wasirudi tena. Karibu kila siku alikokota tela lililojaa magunia ya mahindi, na juu ya magunia hayo hapakukosa watu: mama aliyetoka kliniki, mzee aliyechoka, mwanafunzi aliyechelewa. Hakumwacha mtu njiani. Kwa ajili yao aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, akilikwepa kila shimo, na palipokuwa na upana alijibana pembeni na kuwapungia mkono wenye haraka wapite. Gari lolote alilolikuta limekwama alilivuta, na hata soda hakupokea. Mtu wa namna hiyo tulipaswa kumvulia kofia, lakini wengi wetu tulimwona mzigo barabarani.

Siku moja ya gulio, Ebenezeri alikaa nyuma ya tela lile maili mbili nzima kwa sababu ya wembamba wa njia. Walipofika sokoni alishuka na kumfuata Urbanus mbele ya umati.

"Wewe, barabara hii uliirithi kwa baba yako?" alimwuliza. "Wenzako wako kwenye kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, wewe uko kwenye mwendo wa kufa tu. Rudi kwenu Songea ukaendeshe konokono."

Watu waliangua kicheko, maana watu wa sokoni hucheka kwanza na kufikiri baadaye. Urbanus alijifuta grisi mikononi taratibu.

"Nimekusikia, kijana," alisema. "Nina watu kumi juu ya tela. Njia ikipanuka nitakupisha, kama siku zote."

Ebenezeri alisonya akarudi garini. Humo alikuwemo Bibi Ester, naye alikuwa amesikia kila neno.

"Yule ni mkubwa wako," alimwambia mwanawe. "Ulipaswa kumpa shikamoo, wewe umempa matusi."

"Mama, shikamoo haisogezi tela," Ebenezeri alijibu, akaingiza gia.

Wiki tatu baadaye mvua ilikuwa imeshika kasi. Asubuhi moja Eunike aliamka akilia tumbo, na ilipofika saa tano alikuwa amejikunja kitandani, mwili ukimchemka. Mganga wa zahanati alimbonyeza upande wa kulia, mtoto akapiga ukelele. Mganga alimvuta Ebenezeri nje ya mlango.

"Ni kidole tumbo," alisema. "Hapa sina vifaa vya kupasulia. Afike hospitali Moshi leo, kabla hakijapasuka. Kikipasuka, tusidanganyane, unaweza kumpoteza."

Ebenezeri hakungoja neno la pili. Alimbeba binti yake, akamlaza mapajani mwa Bibi Ester ndani ya pikapu, akaondoka kwa kasi ile ile aliyoizoea. Barabara ilikuwa uji mtupu. Kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, Eunike alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Punguza mwendo, utamwua huyu," Bibi Ester alisema.

"Nikipunguza ndipo atakapokufa, mama."

Hawakuwa wamefika mbali. Katika mteremko wa bondeni, mbele yao, wakaliona tela limefunikwa turubai, na mbele ya tela trekta jekundu likitambaa. Ebenezeri aliishikilia honi bila kuiachia. Urbanus aligeuza shingo, akanyosha mkono na kuutikisa: usipite. Wenyeji wote wa njia ile wanajua kwamba wakati wa masika unafuata nyayo za magurudumu ya trekta, kwa kuwa yenyewe yameshakamua tope hadi kwenye udongo mgumu. Ebenezeri naye alijua. Ila siku ile alichokiona katika mkono ule ni kisasi.

"Ananilipizia," alisema huku akisaga meno. "Maneno ya sokoni ananilipizia kwa mtoto wangu."

Akakata usukani, akatoka kwenye nyayo za trekta ili ampite. Hakumpita. Pikapu ilizama ubavuni mwa barabara hadi kwenye ekseli. Badala ya kutulia, Ebenezeri alikanyaga mafuta kwa hasira zake zote. Magurudumu yakazunguka bure yakirusha tope, na punde harufu ya kuungua ikajaa ndani. Klachi ilikuwa imekwisha. Injini iliunguruma, lakini gari halikuwa na nguvu ya kujisogeza hata inchi moja. Trekta nalo liliendelea polepole mbele yao, likapanda mlima wa upande wa pili, likaenda zake.

Ebenezeri aliweka kichwa juu ya usukani na kulia. Alilia mbele ya mama yake na mbele ya mtoto wake, mwanamume mzima, wala hakujificha.

"Mfuate," alisema Bibi Ester.

"Nitamwambia nini, mama? Yule hawezi kunisaidia. Mimi nisingemsaidia."

"Usimwendee mikono mitupu. Pale kwenye ua kuna masale. Kata moja umpelekee."

Sale, kwa asiyelijua, ni jani refu la kijani ambalo Wachagga hupanda kuzunguka kihamba, yaani shamba la nyumbani. Aliyekosa akimpelekea jani hilo yule aliyemkosea, basi ameungama, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ndivyo walivyoachiwa na mababu zao. Ebenezeri alikata sale, akaupanda mlima ule mbio, viatu vikabaki matopeni.

Juu, kwenye udongo mgumu, alilikuta trekta limesimama. Urbanus alikuwa amepiga magoti katikati ya mvua, akilifungua tela. Zita, mkewe, aliyekuwa akisafiri naye siku hiyo, alikuwa amekwisha kujikunyata chini ya ukingo wa turubai ili alinde magunia ya watu.

"Shikamoo, mzee," Ebenezeri alisema, akilinyosha jani kwa mikono miwili.

"Marahaba. Kule chini nisingeweza kusimama, ningezama na tela langu. Hili ni la nini?"

Ebenezeri alilitazama lile jani. Katika hofu yake hakukumbuka kwamba mtu wa Songea hafungwi na mila ya Uchagga. Ilimbidi aieleze mwenyewe, kwa maneno yake, jambo ambalo jani lilipaswa kumsemea.

"Ni la kuomba msamaha," alisema. "Nilikutukana, mzee. Nilikudhalilisha mbele za watu, na leo nimeudharau mkono wako. Binti yangu ana kidole tumbo, yumo garini. Kwetu anayepewa hili hakatai."

Urbanus alilipokea, akalichomeka kwenye mfuko wa koti.

"Na kwetu," alisema, "aliyekwama tunamvuta kwanza, maneno yake ya jana tunayauliza akishakauka. Shika mnyororo huu."

Akarudi bondeni na trekta tupu. Alifunga mnyororo kwenye chesisi ya pikapu, akaukagua mara mbili, akampa Ebenezeri amri chache: gia isiwepo, usukani ufuate nyayo, breki isiguswe mpaka atakapoinua mkono. Kisha akavuta. Hakushtua. Mnyororo ulikaza taratibu, pikapu ikatoka topeni kana kwamba imeamua yenyewe kutoka, na safari ikaanza. Kuelekea Bomang'ombe zilibaki zaidi ya maili kumi, na zote walikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Urbanus aliyajua mashimo ya barabara ile kama mtu anavyoyajua meno yake. Alipinda hapa, akasita pale, akayapita moja moja. Baada ya muda Bibi Ester akagusa bega la mwanawe. Eunike alikuwa ameacha kulia, amesinzia.

Nusu ya njia, lori la viazi likawafikia kwa nyuma. Halikuweza kupita, maana nyayo ngumu zilikuwa zile mbili tu. Likapiga honi. Likapiga tena, ndefu, mpaka Eunike akashtuka usingizini. Dereva wake alitoa kichwa dirishani.

"Nyie, mnamsindikiza bibi harusi?" alipaza sauti. "Kama magari yamewashinda, kafugeni kuku!"

Damu ilimpanda Ebenezeri. Alishusha kioo ili amjibu.

"Mjibu," alisema Bibi Ester. "Si maneno yake ndiyo yale yale yako ya sokoni?"

Ebenezeri akapandisha kioo. Mbele yake Urbanus alikuwa ameketi wima, amelowa chapachapa, hakugeuka, hakuongeza mwendo kwa ajili ya honi ile hata kidogo. Aibu aliyoisikia Ebenezeri ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Walipofika kwenye lami, Urbanus mwenyewe alimbeba mtoto hadi kwenye teksi iliyokuwa ikienda Moshi, akawaomba abiria wawili washuke, wakashuka. Ebenezeri alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Bibi Ester ndiye aliyesema, "Aika, mbe," yaani asante kwa Kichagga. Urbanus akaitikia kwa kichwa, akapanda trekta lake, akarudi kwenye mvua kumfuata mkewe.

Eunike alipasuliwa jioni ile. Daktari alitoka akijifuta jasho.

"Kilikuwa karibu kupasuka," alisema. "Nani aliyemleta kutoka Sanya Juu kwa barabara ile?"

"Trekta," Ebenezeri alijibu.

"Mshukuruni huyo dereva. Kwa hali aliyokuwa nayo mtoto, angezidi kurushwarushwa kingepasukia njiani, na mngeniletea maiti."

Ebenezeri aliketi sakafuni ukumbini, akajifunika uso kwa mikono.

Siku ya gulio iliyofuata baada ya mtoto kurudi nyumbani, Ebenezeri alimfuata Urbanus katikati ya soko, mahali pale pale alipomtukania. Madereva wenzake walisogea wakitarajia kicheko. Alivua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Shikamoo, mzee. Binti yangu ni mzima kwa sababu ya mwendo wako niliokuwa nikiucheka." Hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo, akirudi na abiria katika pikapu iliyokwisha kutengenezwa, alilikuta tela likipanda polepole. Kijana mmoja nyuma ya pikapu aligonga bodi.

"Dereva, piga honi, huyu atatulaza njiani."

"Anayetaka kumpita mzee huyu," alisema Ebenezeri, "ashuke apite kwa miguu."

Kijana akaketi, na safari ikaendelea nyuma ya tela, maili baada ya maili. Basi nawe unayeshika usukani na kumwona mwenzako uchafu barabarani, zuia ulimi wako njia ingali mbele yako: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.