Maua ya Tarumbeta Kibuyuni

Kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, ukungu hukawia kuondoka, na boma la Gakwaya lilijulikana kwa harufu kabla ya kuonekana. Mkewe Umulisa alikuwa amelizungushia maua ya tarumbeta, meupe, marefu, yaliyoning'inia midomo ikitazama chini. Kila mpita njia aliyasifu, naye Umulisa sifa zikamvimbisha kichwa.

Mama mkwe wake, Mukankusi, hakuyapenda hata kidogo.

"Ng'ombe hata moja haiyagusi," alisema. "Kitu ng'ombe inakataa, muntu ataifanyia nini?"

"Mama, ni maua ya kupamba tu," Umulisa alijibu huku akicheka.

Wafugaji wa huko hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa nyasi kavu, ili maziwa yanukie vizuri. Jioni moja Umulisa aliona moshi ni mambo ya kizamani. Alisugua kibuyu kwa maua mabichi, akayaacha humo mpaka asubuhi, kisha akatia maziwa. Gakwaya alikunywa vikombe viwili, akamshukuru mkewe.

Haikupita saa moja, mboni zake zilipanuka mpaka macho yakawa meusi tititi. Alisimama mlangoni akiutazama ukungu, akatabasamu.

"Jean-de-Dieu iko pale kwenye maua," alisema. "Ananiita."

Jean-de-Dieu alikuwa mdogo wake Gakwaya, nao walimzika miaka mitatu iliyopita.

"Papa Claudette, hakuna muntu pale! Rudia huku!" Umulisa alimwita mumewe kwa jina la binti yao.

Gakwaya hakumsikia. Alitembea akizungumza, akanyamaza kama anayejibiwa, akacheka, huku akielekea kwenye korongo lililokuwa chini ya boma. Umulisa alimkimbilia na kumshika koti. Koti likabaki mikononi mwake, ukungu ukammeza mumewe.

"Uningoje, mudogo yangu," sauti yake ilisikika. Kisha mawe yakaporomoka.

Majirani walimkuta chini, shingo imevunjika, tabasamu lingali usoni. Muuguzi wa kituo cha afya alichungulia ndani ya kibuyu, akaona mabaki ya maua, akatikisa kichwa.

"Mama, hii maua iko na sumu. Inaonyeshaka muntu bintu byenye habiko."

Ndipo Umulisa akaelewa kwamba mumewe alikuwa ameona kisichokuwepo. Alitwaa panga, akayafyeka maua yote huku akilia kwa uchungu na majuto. Mukankusi hakumlaumu, alilia pamoja naye. Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.