Kocha Aliyekuja kwa Mkokoteni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na timu zao za mpira, Bonde zima lilikosa usingizi kwa sababu ya timu moja tu, Radi ya Bonde. Timu ilikuwa inafungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa mpaka na Vyura! Vyura, watoto wangu, ambao mpira ukisimama mbele yao hawaonekani!

Sasa ilibaki mechi ya mwisho, Jumamosi ya wiki iliyofuata, dhidi ya timu ya Mlimani. Radi wakishinda, wanabaki ligi kuu. Wakikosa, wanashuka daraja.

Na mashabiki je? Mnadhani walikuwa wanaitia timu moyo? Thubutu! Walikuwa kijiweni kwa Fisi, wanakunywa kahawa chungu, wanatafuna kashata na kumfukuza kocha.

Kocha mwenyewe alikuwa mzee Kobe, mpole, asiyejua kupiga kelele.

“Kobe aondoke!” Nyati akapiga benchi, puu! Vikombe vikaruka. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngoma za mashabiki. “Kocha gani anatumia asubuhi nzima kutoka goli hili kufika goli lile?”

“Tulia, ataondoka,” Fisi akasema huku akimimina kahawa. “Nina mtu wangu wa ndani kabisa. Anakuja Mamba.”

“Mamba? Mbona mimi nimesikia Nyani?”

“Nyani ni wa zamani. Habari za leo ni Mamba.”

Kiboko, mwenyekiti wa timu, akajikohoza, na kijiwe kizima kikatetemeka. “Mimi naona tumpe mpwa wangu. Ana mwili wa ukocha.”

Pimbi alikuwa amebanwa katikati, kati ya ubavu wa Kiboko na ubavu wa Nyati, hata kikombe hawezi kukipandisha mdomoni. Kila siku alikaa kwenye jiwe lake nyuma ya goli akitazama mazoezi, na aliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa wao.

Kobe akimwambia mshambuliaji wake, “Ngiri, toa pasi,” Nyati ananguruma kutoka pembeni, “Piga, Ngiri! Piga!” Kobe akimwambia golikipa Kima abaki golini, Kiboko anafoka, “Toka, Kima, toka!” Maskini Ngiri anageuka kushoto, anageuka kulia, na mpira unakwenda zake.

“Basi imepita,” Kiboko akasema, akasimama. “Kobe hatumtaki tena. Kesho nitawatajia kocha mpya.”

Pimbi aliteleza chini ya benchi, akakimbia, tipu tipu tipu, mpaka nyumbani kwa Kobe. Alimkuta anafunga virago. Masufuria yalikuwa yameshafungwa kwenye shuka, na jiko limezimwa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniaga?”

“Nimekuja kukuzuia.”

Kobe akacheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. “Timu hii naipenda, Pimbi. Inaniuma kuiacha ikiwa chini hivi. Lakini sauti yangu haiwafikii vijana. Wangenisikia wiki moja tu, wangeshinda.”

“Basi watakusikia hiyo wiki moja,” Pimbi akasema, akaanza kufungua fundo la shuka kwa meno. “Wewe huendi popote, Mwalimu. Hawa wanataka kocha mpya, si ndiyo? Watapewa. Una koti?”

Asubuhi yake Pimbi aliingia kijiweni akihema, haa, haa, haa. “Jamani! Eti ni kweli kocha mpya anafika kesho kwa njia ya kaskazini?”

Hilo tu. Swali moja, akakaa kimya.

Fisi hakuwahi kusikia habari hiyo. Lakini Fisi na kukubali kwamba kuna habari asiyoijua? Labda jua litoke kwingine! “Mbona mimi najua tangu juzi,” akasema. “Kocha mgeni huyo. Mkubwa kweli kweli.”

“Mgeni kutoka wapi?” Nyati akauliza.

“Mbali.”

“Mbali sana?”

“Mbali mpaka ukifika unakuta wao wanaona huku kwetu ndiko mbali!”

“Aaa!” kijiwe kizima kikaitikia.

“Namfahamu,” Nyati naye akasema, maana hakutaka kuachwa nyuma. “Ndiye yule haongei sana. Anavaa koti hata jua likiwaka.”

Pimbi akanywa kahawa yake taratibu. Kazi ilikuwa inajifanya yenyewe.

Mara Kiboko akatokea, na wote wakamkimbilia. “Mwenyekiti, hongera! Kumbe umetuletea mtu mzito hivyo, halafu unatufanyia siri!”

Kiboko alikuwa amekuja kumtangaza mpwa wake. Watoto wangu, mwenyekiti gani atasimama mbele ya mashabiki wanaomshangilia aseme yeye hana habari?

“Ehee,” akasema, tumbo mbele. “Nilitaka iwe siri kidogo. Tumemalizana. Hata pilau nimekula naye.”

Baadaye akamvuta Pimbi pembeni, akamnong’oneza, “Wewe, hebu. Huyo kocha yupo kweli?”

“Mzee, si ndiye uliyekula naye pilau?”

“Ee, ndiyo, ndiyo,” Kiboko akasema, akaondoka upesi.

Kule Bondeni, kocha mgeni hapokelewi kimya kimya. Siku ya pili barabara ya kaskazini ilijaa. Ngoma zinalia, du-du-du! Matarumbeta yanajibu, pwaaa! Akina mama wamefunga kanga za rangi ya timu, vumbi limepanda mpaka kwenye matawi.

Mkokoteni wa Punda ukatokea, kwichi, kwichi, kwichi. Juu yake kulikuwa na kiti, na kwenye kiti amekaa mtu mwenye koti refu, kofia imeshuka mpaka machoni, shali imepanda mpaka puani. Pimbi amesimama kando yake, kifua mbele.

“Mbona mdogo?” Nyati akanong’ona.

“Amekaa huyo,” Fisi akamjibu. “Hujawahi kuona mtu amekaa?”

“Mbona hashuki?”

“Makocha wakubwa hawashuki ovyo. Wewe umezoea hawa wa kwetu.”

Mgeni akajikohoza. “Mmh. Krum.”

“Anasemaje?” umati ukauliza.

“Mimi ndiye mkalimani,” Pimbi akasema. “Kocha anasema amefurahi sana kuwaona, na Bonde ni zuri, na mwenyekiti wenu ni mtu wa maana.”

“Yote hayo kwa krum?” Nyati akashangaa.

“Lugha yao imebana,” Fisi akamweleza.

“Krum. Mmh.”

“Kocha anasema ana sharti. Geti la uwanja lifungwe siku za mazoezi, asiingie mtu. Na siku ya mechi shabiki apige ngoma tu. Atakayemwelekeza mchezaji, yeye kocha anapanda mkokoteni, anarudi kwao.”

Mnajua walifanya nini? Walipiga makofi! Yale yale ambayo Kobe aliwaomba kwa upole tangu msimu uanze, wakamcheka, sasa waliyapokea kwa vigelegele.

“Huyo ndiye kocha!” Kiboko akapaza sauti. “Ana msimamo! Na yule Kobe je?”

“Kuanzia leo,” Pimbi akajibu bila kupepesa, “hamtamwona Kobe kwenye benchi.”

Geti likafungwa. Ndani ya uwanja Kobe akavua koti, na vijana wakaangua kicheko mpaka wakakaa chini. Halafu wakaanza kazi. Kobe akisema, “Ngiri, toa pasi,” Ngiri anatoa pasi. Akisema, “Kima, baki,” Kima anabaki. Hakuna wa kuwavuruga. Wiki nzima Pimbi alilinda geti, na kila mkubwa aliyekuja kuchungulia alimrudisha kwa neno moja: “Sharti!”

Jumamosi ikafika. Mgeni na koti lake akakaa benchi, na Pimbi pembeni yake. Priii! Refa akapuliza kipyenga.

Radi walianza vizuri. Pasi fupi, pasi fupi, Mlimani wanakimbia tu. Lakini Nyati, jamani! Mpira ulipomfikia Ngiri, Nyati akasahau ngoma, akasahau sharti, akanguruma, “Piga, Ngiri! Piga!”

Ngiri akashtuka, akageuka, akapiga hewa. Mlimani wakauchukua mpira, wakaondoka nao, paa! Goli. Goli la Mlimani.

Kwenye benchi, Kobe akajikunyata ndani ya koti. “Basi, mwanangu,” akanong’ona. “Yamekwisha.”

“Hayajaisha,” Pimbi akasema. Akatoka mbio, akaruka uzio, akapanda jukwaani moja kwa moja mpaka kwenye goti la Nyati. Pua yake ndogo ikagusana na pua kubwa ya Nyati.

“Goli lile umefunga wewe,” akamwambia. “Kocha anasema ukifungua mdomo tena, anaondoka, na mimi nitaliambia Bonde zima ni nani aliyemfukuza.”

Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Akachukua mkanda wa ngoma, akauweka mdomoni, akauuma.

Tangu hapo ilikuwa ngoma tu. Du-du-du! Ngiri akatoa pasi, akarudishiwa, akatulia, akafunga. Sasa ni goli moja kwa moja! Muda ukaenda, jasho likatiririka, Kima akabaki golini mwake na kudaka kila kilichokuja. Na refa akiwa ameshaanza kuitazama saa yake, Ngiri akapenyeza mpira kati ya miguu ya beki, wavuni, chwaa!

“Gooooli!”

Priii! Mpira umekwisha! Radi hawashuki!

Mashabiki wakamwagika uwanjani, wakamnyakua kocha, wakamrusha juu. Hop! Wakamdaka. Hop! Mara ya pili koti likabaki mikononi mwa Nyati, kofia ikaenda huku, shali kule, na juu angani likaonekana gamba, linang’aa kwa jua.

Wakamdaka kwa shida.

“Huyu... huyu ni Kobe!” Kiboko akasema.

“Mimi nilijua tangu juzi,” Fisi akasema, lakini sauti haikutoka sawasawa.

Kiboko akamgeukia Pimbi, mashavu yamefura. “Umenidanganya, wewe kidudu!”

“Mwenyekiti, mimi niliuliza swali,” Pimbi akasema. “Wewe ndiye uliyesema umekula naye pilau.”

Kuna mtu nyuma aliyecheka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima. Kiboko akatafuta pa kutazama, akakosa.

Kobe akasimama juu ya kiganja cha Nyati. Kwa mara ya kwanza, watoto wangu, aliongea na kila mtu akasikia. “Wiki hii nimewafundisha vijana yale yale ya siku zote. Sikuongeza kitu. Kilichobadilika ni ninyi.”

Nyati akamshusha chini polepole, akainamisha pembe zake. “Tusamehe, Mwalimu.” Na Kiboko, taratibu na kwa aibu, akalichukua koti mikononi mwa Nyati, akalifuta vumbi, akamvika mzee mabegani.

Jioni ile jiko la Kobe liliwaka tena, na masufuria yakarudi mahali pake. Koti lilipelekwa kutundikwa kijiweni kwa Fisi, juu ya birika la kahawa. Shabiki akianza tu kusema, “Nina mtu wangu wa ndani,” wenzake wote wanaliangalia koti, naye anameza kashata yake.

Basi shikeni hili, watoto wangu: kabla hujamtimua anayekufundisha, jaribu kwanza kunyamaza umsikie.